Nani Hulinda Nyumba ya Mlinzi?

Mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne hurudi nyumbani usiku wa manane, na nikimfungulia geti hushusha kioo cha gari na kunitania: "Soja, Zaburi ya 127 inasema unakesha bure!" Anacheka, nami nacheka. Ni mtu mwema, Krismasi huwa hanisahau, na isitoshe hajakosea kunukuu. "Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Imeandikwa hivyo hivyo.

Nimeishi na mstari huo kwa miaka yote niliyovaa buti hizi. Lindo langu liko Kileleshwa, nyumba yangu iko Kawangware, na katikati kuna mwendo mrefu kwa miguu kupitia Lavington, kwa sababu nauli ya matatu ya 46 kwenda na kurudi kila siku ni unga wa watoto. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2024 tulisikia kwamba mlinzi wa Nairobi atalipwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mambo yakaenda mahakamani, nasi tukaendelea kutembea. Lakini leo siandiki habari za mshahara.

Naandika juu ya hofu, kwa sababu nimeanza kuisikia tena. Naisikia kwenye matatu, naisikia kwa kinyozi, na hata kanisani kwetu baada ya ibada watu wanataja uchaguzi wa Agosti 2027 kwa sauti ya chini na kuulizana kama watapeleka watoto ushago mapema. Dada mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Ndugu, wewe unawalinda matajiri. Siku zikichafuka, nyumba yako hulindwa na nani?" Utani ulikuwamo, uchungu pia ulikuwamo. Pale mlangoni watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inakuja, nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Jibu lenyewe ndilo hili.

Asiyekesha ni vigumu kuijua kazi hii, kwa hiyo nieleze kidogo. Watu hudhani mlinzi ni mtu wa nguvu. Mimi nina rungu, tochi, filimbi, na kitufe cha alamu ambacho ukikibonyeza gari la doria hufika likifika. Wakija watu wanne wenye bastola sina la kuwafanya, na kampuni inalijua hilo, na wapangaji wanalijua. Kinacholipiwa kwangu ni macho. Niwe macho mimi ili mtu wa ghorofa ya nne alale. Kila saa nazunguka ukuta, naangalia waya wa stima ulio juu yake, naangalia mlango wa chumba cha pampu ya maji, narudi kibandani naandika kwenye kitabu cha matukio: saa tatu, hali shwari. Saa nne, hali shwari. Baridi ya Julai ikikaza, unatamani kuingiza jiko la makaa kibandani na kufunga mlango. Wenzetu wamekufa hivyo, wameuawa na moshi usioonekana huku wakidhani wanajipasha moto. Kwa hiyo jiko langu hukaa nje, na mimi nakaa karibu nalo nikiwa na blanketi mabegani.

Kuna usiku nimemulika tochi ukutani nikakuta mtu amekaa juu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Tulitazamana. Nikapuliza filimbi, akaruka alikotoka. Asubuhi watoto wa mle ndani walishuka na mabegi yao wakapanda basi la shule, mmoja akaniambia "Good morning, soja," na mama zao wakaenda kazini. Hakuna aliyejua lolote. Niliandika, msimamizi akatia sahihi, ikaisha. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba huenda na mimi nimelala hivyo mara nyingi, nikaamka na kulalamika kwamba chai haina sukari, bila kujua usiku ule ni nani alikuwa ukutani kwangu na ni nani aliyemmulika.

Sasa nije kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka 2017 kila Mkenya anaukumbuka. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, tukarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba, upande mmoja ukasusia. Kesho yake, Ijumaa jioni, Kawangware ikawaka. Mimi nilikuwa nimeshavuka Lavington kuelekea kazini. Mama watoto alitaka nibaki nyumbani siku hiyo na alikuwa na haki ya kutaka, lakini kazi yetu ni ya siku moja moja: ukikosa lindo siku kama ile, kesho unakuta mtu mwingine ndani ya koti lako.

Saa mbili usiku akanipigia. Kabla hajasema neno nilisikia mabati yakigongwa, na kelele za vijana, na mtoto wetu mdogo akilia. "Baba watoto, wanachoma huku Kawangware 56. Moshi unakuja. Twende wapi?" Nilimwambia azime taa, afunge mlango, watoto wavae viatu, alale nao sakafuni mbali na dirisha. Nilimwambia mambo ambayo mlinzi humwambia mtu. Kisha simu ikakatika, na nilipojaribu tena hakupatikana.

Ningeweza kutupa rungu na kukimbia, na watu wengine wameniuliza kwa nini sikukimbia. Njia yote ya kwenda nyumbani usiku ule ilikuwa na vijana wa upande huu, vijana wa upande ule, na polisi katikati, kila mmoja wao akitaka kujua jina lako la pili ili ajue wewe ni mtu wa wapi. Ningefika nikiwa maiti, au nisingefika. Upande wa magharibi anga lilikuwa na wekundu, au labda niliuona kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuambiwa kuna moto.

Nilianza kuzunguka ukuta. Si kwa kazi. Miguu tu haikukubali kusimama. Nilikuwa nasema Zaburi ya 121, ile tuliyokaririshwa Sunday School huko Vihiga tukiwa na kamasi puani, na ulimi ulikuwa unaitamka huku akili iko 56. Nilipofika "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo" nilisimama. Mimi nimetoka, wao wako ndani. Nikamwambia Mungu wazi wazi, si kwa maneno ya kanisani: mimi hapa nimekodishwa kuwalinda watoto wa watu, wangu wamelala sakafuni. Kama kazi hii ni bure kama ulivyosema, basi na iwe bure hapa, ifanyike kule.

Geti la jirani alikuwapo mwenzangu, mtu wa Isiolo, Mwislamu. Kati yetu kuna ukuta na mlango mdogo wa chuma, na usiku huwa tunapeana chai kupitia pale. Aliniona nikizunguka kupita kiasi akaniita. Nilipomweleza hakuniambia nisiogope, na nilimshukuru kwa hilo. Aliuliza majina ya watoto wangu, akayarudia ili asiyakosee, akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa kwenye chuma cha ule mlango. Alipomaliza nikamuuliza maana yake. Akanieleza kwamba aya hiyo inamtaja Mungu aliye hai, msimamizi wa kila kitu, ambaye hapatwi na kusinzia wala kulala.

Nikamwambia, "Hebu ngoja." Nikamsomea yangu: "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, yeye aliye mlinzi wa Israeli." Tukatazamana kupitia ule mlango, masoja wawili tunaopigana na usingizi kila siku ya maisha yetu. Yeye akacheka kwanza. Akasema hata Mungu mwenyewe, wamemsifu kwa kazi yetu.

Sitaki kukuza nilichopata baada ya pale. Wahubiri wakisema amani huwa wanaieleza kana kwamba ni mafuta ya moto yanayomwagika kifuani. Yangu haikuwa hivyo. Saa tatu nilikuwa nimeandika "hali shwari" kwa mkono unaoruka, mwandiko wa mtoto wa nasari, na nilijiona mnafiki, kwa sababu kiwanja kilikuwa shwari na mimi sikuwa shwari hata kidogo. Saa nne niliandika tena, na mwandiko ulikuwa wangu. Sijui ni wakati gani kati ya saa hizo mbili mambo yaligeuka. Sikuwa nimepata habari yoyote. Simu ilikuwa bado kimya. Nilikuwa bado naogopa, ila hofu ilikuwa imekaa chini, imeacha kunivuta koti. Niliweza kuketi. Niliweza kunywa chai. Ningeweza hata kupokea habari mbaya, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yao na nia zao, hakuwa likizoni. Alikuwa amefungwa, na katika barua hiyo hiyo anataja askari waliojua habari za vifungo vyake. Aliandika habari za amani huku mlinzi akimtazama. Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu utotoni kama kadi ya harusi. Usiku ule niliusoma kama kitu kilichoandikwa na mtu aliye kwenye shida, akiwa hajui kesho atatoka au atauawa.

Kupita saa sita ujumbe ukaingia: "Tuko kwa Shosho. Watoto wamelala."

Shosho ni mama mzee anayeuza githeri kwenye kona ya ploti ya pili. Yeye ni mtu wa Murang'a, sisi ni watu wa Vihiga, na usiku ule watu wa hizo sehemu mbili hawakutakiwa kukaa chumba kimoja. Mama watoto alinieleza baadaye. Shosho alikuja mwenyewe gizani, akagonga mabati kwa kiganja, akasema, "Leta watoto." Nyumba yake ni ya mawe na iko ndani, nyuma ya geti. Vijana waliokuwa wakilinda lile geti walimzuia wakimuuliza ni watoto wa nani hao. Akawajibu: "Ni wajukuu wangu. Mnataka kunichomea wajukuu?" Wakampisha. Baadhi yao wamekulia githeri yake kwa deni tangu wakiwa darasa la kwanza, na nadhani hilo nalo lilisaidia.

Nilipokwenda kumshukuru nilikuwa nimetayarisha maneno mazito. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Ulitaka niwaache nje?" Kisha akanikumbusha kwamba mama watoto ana deni la githeri la wiki mbili.

Ningeweza kumaliza hapo na kanisa lote lingesema amina. Jumapili iliyofuata nilisimama kutoa ushuhuda, na niliuanza vizuri. Katikati nikamwona ndugu mmoja katika safu ya pili. Ana mikono mizuri ya kazi. Alikuwa na kibanda cha kinyozi upande wa 56, na kibanda kile kiliungua usiku ule, mashine, vioo, viti, kila kitu alichokuwa amekilipia kwa mkopo wa chama. Ndiye huyo aliyekuwa akituongoza katika kesha za maombi kila mwisho wa mwezi. Kama ni kusali, mimi simfikii magotini. Alikuwa akinisikiliza na kutabasamu, akiniitikia "haleluya" mahali panapostahili. Ushuhuda ulinikwama kooni. Nikasema Mungu ni mwema, nikaketi.

Tangu siku ile nimekuwa msomaji mwingine wa Biblia. Chukua Matendo ya Mitume sura ya 12. Kanisani husomwa kwa shangwe: Petro amefungwa kwa minyororo miwili, amelala katikati ya askari wawili, malaika anakuja, minyororo inaanguka, mlango wa chuma unafunguka wenyewe. Ni kweli, na ni tamu. Ila sura hiyo inaanza kwa Yakobo, ndugu yake Yohana, kuuawa kwa upanga, na kanisa lililomwombea Petro nina hakika lilimwombea Yakobo pia. Na sura hiyo hiyo inasema kulipopambazuka Herode aliwahoji wale walinzi, akaamuru wauawe. Hapo hakuna mhubiri anayesimama. Sisi watu wa lindo tunasimama. Wale walikuwa na zamu yao, wanne wanne, wakaifanya, na asubuhi wakafa kwa jambo ambalo hakuna rungu lingelizuia.

Siwezi kukueleza kwa nini Petro na si Yakobo. Anayekueleza kwa urahisi, mchunguze. Ninachoona ni kwamba Petro alikuwa amelala kabla malaika hajaja. Alikuwa hajui kama atatoka. Usingizi ule ndio ninaoutamani mimi, kuliko hata mlango wa chuma.

Nitaje pia Agosti 7. Kila mlinzi wa Nairobi huifikiria siku hiyo, hata sisi ambao wakati ule tulikuwa bado watoto vijijini tukiisikia redioni. Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi. Lori lilifika kwenye geti la nyuma la ubalozi wa Marekani, pale Haile Selassie inapokutana na Moi Avenue, na walinzi wa geti wakakataa kulifungulia. Walikuwa watu kama mimi, wasio na bunduki. Walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Bomu likalipuka hapo hapo nje, jengo la Ufundi likaanguka, na watu 213 wakafa hapa Nairobi. Chini ya kifusi kulikuwa na mama aliyeitwa Rose, ambaye waokoaji walizungumza naye kupitia mawe, na nchi nzima, makanisa na misikiti, ikamwombea kwa siku kadhaa. Alikuwa amekufa walipomfikia.

Sasa njoo uniuzie chupa ya mafuta ya ulinzi. Wauzaji wapo, na hapa kwetu hawakosekani: kichupa cha shilingi mia tano, paka kwenye fremu ya mlango, hakuna baya litakaloingia. Hunukuu Zaburi ya 91, kwamba elfu wataanguka ubavuni pako lakini wewe baya halitakukaribia. Naipenda zaburi hiyo. Lakini kumbuka nani mwingine aliinukuu: ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, akimwambia Yesu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua mikononi mwao. Yesu aliijua zaburi kuliko yeye, na hakujitupa. Mwenye kuuza mafuta anakuuzia kujitupa. Anakuambia ukitaabika basi hukuamini vya kutosha, au hukununua chupa kubwa. Ningependa amwambie hivyo ndugu yangu kinyozi usoni, mbele yangu.

Mimi naamini nini basi? Naamini kwamba kuna aliye macho. Ni imani ndogo ukiitazama kutoka nje, lakini muulize mtu yeyote aliyelala katika nyumba yenye mlinzi na katika nyumba isiyo naye. Usiku ni ule ule, wezi ni wale wale, ila mmoja analala na mwingine anasikiliza paka juu ya paa. Mungu hakuniahidi kwamba ukuta wangu hautapandwa. Daudi alipandiwa ukuta na mtoto wake mwenyewe. Lakini sijawahi kuwa peke yangu upande wa ndani wa ukuta, na usiku ule wa Oktoba mama watoto pia hakuwa peke yake, hata kabla Shosho hajagonga. Yeye mwenyewe anasema hivyo. Anasema alipokuwa sakafuni aliacha kulia akaanza kuwahesabia watoto vidole gizani kama mchezo, na mpaka leo hajui wazo hilo alilitoa wapi.

Na kwa sababu kuna aliye macho, mimi nafunga mlango. Wengine huliona hilo kama ukosefu wa imani. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wamemzunguka, anasema hivi: "Lakini tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi." Maneno yote mawili katika sentensi moja, wala haoni aibu. Mimi huwa nawaambia wenzangu kwamba ajira yetu imo katika Biblia, tatizo ni kwamba mshahara haukutajwa.

Kuna jambo lingine ambalo ni walinzi tu wanaolisoma vizuri, nalo ni Zaburi ya 130: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Mara mbili. Aliyeandika alijua saa kumi ya usiku ilivyo. Saa tisa bado una chai na hadithi. Saa kumi hakuna kitu, macho yanauma, umande umepenya buti, mbwa wenyewe wamenyamaza, na asubuhi inaonekana kama kitu ambacho watu walikizua. Lakini sijawahi kumwona mlinzi anayeulizana na mwenzake kama asubuhi itakuja. Wanaulizana saa ngapi. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kumngoja Mungu ni kukosa uhakika, najua huyo hajawahi kukesha.

Miaka imekuwa na mambo yake tangu wakati huo. Januari 2019, usiku ule washambuliaji walipokuwa ndani ya hoteli pale Riverside, nilikuwa lindoni, na milio ya risasi ilitufikia; watu 21 waliuawa. Aprili 2024 mto ulipoingia Mathare dada yangu alipoteza godoro, sufuria, na vyeti vya watoto, akaja kulala kwetu, tukabanana. Juni ikafuata na moshi wa vitoa machozi mjini. Kila mara hofu hurudi kama mgeni anayejua njia ya jikoni. Sijapata maombi ya kuifukuza kabisa. Nimejifunza tu kuiendea mapema. Nikianza zamu, kabla ya kufungua kitabu, nazunguka ukuta mara moja nikitaja majina: kwanza ya nyumbani kwangu, kisha ya kila ghorofa, hata yule wa ghorofa ya nne na utani wake. Ninawakabidhi wote. Kisha nafanya kazi.

Na asubuhi naenda kulala. Hili halieleweki kwa wengi. Nalala mchana, Kawangware, kwenye nyumba ya mabati, fundi wa kuchomelea mageti akiwa upande mmoja na mama anayetengeneza kanda za nyimbo za kwaya kwa spika kubwa upande mwingine. Zaburi ile ile ya kukesha bure, mstari unaofuata, inasema: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Mpangaji wa ghorofa ya nne hajawahi kuufikia huo. Siku nikimpata hana haraka nitamsomea.

Dada wa kwaya, kuhusu Agosti 2027, hivi ndivyo tulivyopanga mimi na mama watoto. Nimeanza kuweka kidogo kidogo nauli ya kwenda Vihiga, ikiwezekana watoto watangulie shule zikifungwa. Vyeti vyote viko katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Hilo tumejifunza kwa dada yangu. Mtu wa Isiolo ana namba ya mama watoto na mimi nina ya mke wake. Ndugu kinyozi, ambaye sasa ana kibanda kipya upande wa Gatina, amesema atatusaidia kubeba mizigo, na tunasali pamoja naye Jumatano jioni kwa ajili ya nchi. Ukipata nafasi, njoo. Shosho ametupa ufunguo wa ziada wa geti lake. Miguu inamsumbua siku hizi, hawezi tena kuja kugonga mabati, kwa hiyo amesema tukisikia kelele tusingoje kuitwa. Ila safari hii tuje na blanketi zetu wenyewe, kwa sababu zile alizotupa 2017 watoto walizikojolea, na anasema hajasahau.